Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu neno "ping"

## Misingi

"Ping" ni neno la aina gani?

Ni tanakali ya sauti ya Kiingereza. Inaigiza mlio mfupi na mwembamba wa kitu kigumu kilichoguswa ghafla: kijiko kwenye ukingo wa glasi, waya uliovutwa ukakatika, risasi iliyogonga chuma. Risasi ndiyo iliyolifikisha neno hili kwenye maandishi, katika karne ya 19. Simu na kompyuta zililikuta tayari lina umri wake.

Siku hizi ni nomino na pia ni kitenzi. Mwenye gari husema injini yake ina ping, mcheza gemu hulalamika kwamba ping imepanda, bosi humwambia mtu "ping me", na mtangazaji wa raga hutamka kwamba mchezaji fulani "got pinged". Hao wanne hawazungumzii jambo moja hata kidogo.

Mbona neno dogo hivyo limebeba maana nyingi?

Kwa sababu linaigiza mlio, na mlio hauna mwenyewe. Yeyote aliyesikia chombo chake kikilia "ping" alilichukua neno akalipeleka kwenye kazi yake: baharia, fundi magari, mchezaji, mtaalamu wa mitandao. Hakuna kikao kilichokaa kugawa maana.

Hata hivyo maana hizo si vurugu tupu. Ukizichambua, zinaangukia kwenye koo mbili. Ukoo wa kwanza ni ping inayotumwa ili ijibiwe: sona (chombo cha meli kinachosikiliza mwangwi chini ya maji), kompyuta, ujumbe wa kazini. Wa pili ni ping ambayo ni mlio tu, imelia basi: mpira wa meza, injini, mikrowevu. Ukikutana na matumizi usiyoyajua, jiulize kwanza kama kuna mtu au chombo kinachongoja jibu upande wa pili. Mara nyingi hilo peke yake litakutoa gizani. Ukurasa huu umepangwa kwa kufuata koo hizo.

Kiswahili nacho kina tanakali sauti. Tofauti iko wapi?

Kinazo tele. Kitu kikianguka majini ni chubwi, mchangani tifu, sakafuni pu. Mlango hufungwa ndi. Lakini maneno hayo kwetu hukaa nyuma ya kitenzi na kukikoleza. Tunasema "alianguka chubwi", hatusemi "alichubwi". Kitenzi kinafanya kazi, mlio unaongeza ladha.

Kiingereza hakina adabu hiyo. Kinachukua mlio wenyewe, kinaubandika viambishi vya wakati, na papo hapo ni kitenzi kamili. Ndiyo maana kutafsiri "I pinged him" kunasumbua: huwezi kuhamisha mlio, inabidi ueleze tendo. Nimemtumia ujumbe, nimemgutua, nimemkumbusha, kulingana na muktadha. Kwenye nomino sisi pia hatuko nyuma. Pikipiki na tingatinga zilipata majina kwa kelele zake zenyewe.

Linatamkwaje?

Mwisho wake ni ng' ya ng'ombe, si ng ya ngoma. Wengi huongeza irabu wakasema "pingi", na wanaeleweka bila shida.

Ping, ding, beep na bang zinatofautianaje?

Sikiliza irabu na konsonanti ya mwisho. Irabu "i" hutamkwa huku kinywa kikiwa karibu kufungwa, na katika lugha nyingi huhusishwa na vitu vidogo na milio ya juu. Mwaka 1929 mwanaisimu Edward Sapir aliwapa watu maneno mawili ya kubuni, "mil" na "mal", akawaambia moja ni meza kubwa na jingine meza ndogo. Wengi waliiita ndogo "mil". Kwa hiyo bang ni kishindo na ping ni mlio mwembamba, japo herufi mbili za mwisho ni zile zile.

Hiyo "ng" nayo ina kazi yake: inauacha mlio uvume kidogo kabla ya kufa, kama chuma kinavyofanya. Beep haina mvumo. Inaanza na kukatika, ni sauti ya mashine. Ding iko karibu sana na ping, ila ni nzito kidogo na hunukia kengele.

## Ping inayongoja jibu

Neno hili liliingiaje baharini?

Kupitia sona. Baada ya Titanic kuzama mwaka 1912, na zaidi vita vya kwanza vya dunia vilipoleta nyambizi zinazowinda meli, wanasayansi walitafuta njia ya "kuona" chini ya maji. Mwanga haufiki mbali baharini, lakini sauti inafika. Mfaransa Paul Langevin alitumia vipande vya kwatzi kutoa mawimbi ya sauti majini na kupokea mwangwi wake. Waingereza nao walitengeneza chombo chao wakakiita asdic.

Kinavyofanya kazi ni rahisi kueleza. Chombo kinatoa mlio mmoja mfupi kisha kinanyamaza na kusikiliza. Sauti hupita kwenye maji ya bahari kwa takriban mita 1,500 kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya sekunde 2, sauti imesafiri mita 3,000 kwenda na kurudi, kwa hiyo kilichoirudisha kiko mita 1,500 mbali. Kilichosikika kwenye vipokea sauti vya mabaharia wa vita vya pili vya dunia kilikuwa "ping", na jina likaganda.

Kumbuka hesabu hiyo ya kwenda na kurudi. Itajitokeza tena kwenye kompyuta na hata angani.

Na kompyuta?

Desemba 1983, Mike Muuss, mtaalamu wa kompyuta katika maabara ya jeshi la Marekani huko Aberdeen, Maryland, alikuwa anahangaika na mtandao uliokuwa ukifanya vituko. Aliandika programu ndogo: inatuma ujumbe mfupi kwa kompyuta nyingine, ile nyingine inarudisha ujumbe ule ule, na programu inapima muda uliopita. Akaiita ping, kwa sababu alikuwa amewahi kusomea mambo ya sona chuoni na aliona ni kazi ile ile. Kanuni ya mawasiliano ya mtandao aliyoitumia, ICMP, ilikuwa imechapishwa mwaka 1981 na tayari ilikuwa na nafasi ya "mwangwi" ndani yake. Muuss alifariki katika ajali ya gari mwaka 2000. Programu yake imo karibu katika kila kompyuta duniani.

Kuna kisa alichokisimulia mwenyewe, cha mtu aliyemwandikia. Mtandao wa jengo la mtu huyo ulikuwa unakatika bila sababu, na shaka ilikuwa kwenye viunganishi vya nyaya. Akaiagiza kompyuta itume ping mfululizo na itamke kwa sauti "ping" kila inapojibiwa. Akaongeza sauti hadi mwisho, kisha akazunguka jengoni akitikisa kiunganishi kimoja baada ya kingine. Ping, ping, ping, halafu kimya. Kiunganishi kibovu kimepatikana. Hapo neno lilirudishiwa mlio wake.

Nimesoma kwamba PING ni kifupisho cha "Packet Internet Groper". Ni kweli?

Maneno hayo yalitungwa baadaye ili yalingane na herufi. Muuss aliandika wazi kwamba jina linatokana na mlio wa sona. Watungaji wa mitihani ya kompyuta bado wanakipenda kirefu hicho, kwa hiyo ukikikuta kwenye karatasi jibu wanavyotaka, lakini usikiamini.

Nimetuma ping kwa seva, hakuna jibu. Imekufa?

Si lazima. Wasimamizi wengi huziagiza fayawoli zao (vizuizi vya usalama wa mtandao) zisijibu ping kabisa, kwa sababu za kiusalama. Tovuti inaweza kuwa inafanya kazi vizuri huku ping yako ikipotelea hewani. Jaribu kuifungua tovuti yenyewe kabla hujatangaza msiba.

Ukitaka kujua kama tatizo liko kwako, tuma ping kwa 127.0.0.1, anwani ya kompyuta yako mwenyewe. Kisha tuma kwa ruta, kisha kwa anwani ya nje. Pale jibu linapokoma ndipo pa kuanzia kutafuta. Na usishangae Windows ikituma ping 4 na kuacha ilhali Linux inaendelea bila kikomo. Ndivyo zilivyopangwa, ibonyeze Ctrl na C inyamaze.

Ping yangu kwenye gemu ni 200. Ni nzuri au mbaya?

Kwa gemu la kufyatuliana risasi, mbaya. Namba hiyo ni milisekunde: muda wa taarifa kutoka kwenye kifaa chako hadi seva na kurudi. Ikiwa 200, tangu taarifa ya adui unayemwona kwenye kona iondoke kwenye seva hadi risasi yako ifike huko, moja ya tano ya sekunde imeshapita. Chini ya 50 utacheza kwa raha, hadi 100 inavumilika. Kwa gemu la karata au la kupokezana zamu, hata 300 haitakuudhi.

Watu wengi huamini kwamba wakinunua intaneti ya kasi kubwa zaidi ping itashuka. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Kasi ya kifurushi ni wingi wa data unaopita kwa sekunde moja. Ping ni muda wa safari, na safari ina umbali. Mwanga ndani ya nyuzi za faiba hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 kati yako na seva zinakula milisekunde 10 kwenda na kurudi, hata vifaa viwe bora namna gani. Kati ya London na New York, ambako ni zaidi ya kilomita 5,500, haiwezekani kupata chini ya milisekunde 55 kwa faiba ya kawaida.

Satelaiti za zamani ni mfano mkali zaidi. Ziko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Swali lako hupanda na kushuka, jibu nalo hupanda na kushuka: jumla zaidi ya kilomita 143,000. Hiyo ni karibu nusu sekunde hata kwa kasi ya mwanga. Satelaiti mpya zinazoruka chini zimepunguza tatizo kwa kupunguza umbali, hakuna uchawi mwingine.

Unachoweza kufanya nyumbani ni kidogo lakini kinasaidia: chagua seva iliyo karibu, tumia kebo badala ya Wi-Fi, na hakikisha hakuna anayepakua filamu wakati unacheza.

Mbona wenzangu kwenye gemu wananiambia "ping it"? Hawazungumzii milisekunde.

Hapana. Wanataka uweke alama kwenye ramani ili waone adui au silaha ilipo. Apex Legends, lililotoka Februari 2019, lilisifiwa sana kwa hilo: watu wasiojuana na wasio na lugha moja wanaelewana kwa alama tu.

Mkubwa wangu kazini ameandika "ping me when you're done". Anataka nini?

Anataka ujumbe mfupi kwenye programu mnayotumia kazini. Hataki ripoti wala barua pepe ndefu yenye salamu. "Nimemaliza" inatosha. Ni lugha ya mazungumzo, kwa hiyo usimwandikie hivyo mteja mpya au mtu wa heshima usiyemzoea.

Waliokuwa na BlackBerry wanaukumbuka ukoo huu kwa namna yake: kitufe kilichotuma neno PING!!! na kuitikisa simu ya mwenzako mpaka ajibu. Wengine walikitumia kuulizia dharura, wengi walikitumia kuudhi wapenzi wao.

Kuna kasoro moja ya "ping me" inayofaa kujulikana. Ping ya kompyuta hujibiwa papo hapo bila kufikiri, binadamu hajibu hivyo. Ukimtumia mtu "Habari" peke yake na kungoja, umemtwisha kazi ya kukuuliza unataka nini. Weka swali lako kwenye ujumbe huo huo wa kwanza.

Kwenye habari za ndege ya MH370 zilitajwa "ping". Zilikuwa zipi?

Zilikuwa mbili tofauti, na vyombo vya habari vilizichanganya.

Ya kwanza ilikuwa ya satelaiti. Ndege hiyo ya Malaysia Airlines ilipotea kwenye rada tarehe 8 Machi 2014, ikiwa na watu 239, safarini kutoka Kuala Lumpur kwenda Beijing. Kwa saa kadhaa baadaye, satelaiti ya Inmarsat iliendelea kuuliza kifaa kilichomo ndegeni kama bado kipo, na kifaa kikajibu. Muda wa kwenda na kurudi uliwapa wachunguzi umbali kati ya ndege na satelaiti, kwa hesabu ile ile ya sona. Lakini umbali hausemi mwelekeo. Ndiyo maana waliishia na tao refu juu ya ramani ya Bahari ya Hindi badala ya nukta moja.

Ya pili ilitafutwa chini ya maji. Kisanduku cheusi kina kifaa kinachotoa mlio mara moja kwa sekunde kinapozama, kwa masafa ya kilohezi 37.5. Sikio la binadamu linaishia kwenye kilohezi 20 hivi, kwa hiyo ni "ping" isiyosikika bila chombo. Wakati ule betri yake ilitakiwa kudumu siku 30. Baada ya mkasa huo sheria ziliongeza hadi 90. Kusema kweli, ping hii ya pili haingoji jibu, inaita tu. Nimeiweka hapa kwa sababu ya pacha wake.

"Pingdemic" ilikuwa nini?

Neno la Uingereza la Julai 2021, lililounganisha ping na jina la janga la kidunia kwa Kiingereza. Programu ya simu ya NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, ilikuwa inamtaarifu mtu aliyekuwa karibu na mgonjwa wa COVID-19 kwamba ajitenge hadi siku 10. Maambukizi yalipopanda, taarifa hizo zilizidi 600,000 kwa wiki moja huko England na Wales. Maduka na viwanda vikakosa wafanyakazi, na "I've been pinged" ikawa sababu ya kutofika kazini.

## Ping ambayo ni mlio tu

Ping-pong na tenisi ya meza ni mchezo mmoja?

Ndiyo. Jina la kwanza lilitokana na kelele. Mwishoni mwa karne ya 19 Waingereza waliucheza mezani kwa raketi zilizowambwa ngozi mithili ya ngoma. Mpira wa seluloidi ukigonga ngozi hulia ping, ukigonga meza hulia pong. Kampuni za vifaa vya michezo zikalisajili jina kuwa alama ya biashara, kwa hiyo wengine walilazimika kutafuta jingine. Shirikisho la kimataifa lililoanzishwa mwaka 1926 linauita tenisi ya meza hadi leo.

Wachina walilichukua jina na kulifanya lao kabisa. Pingpang huandikwa kwa herufi mbili, kila moja ikiwa ni ile ya "askari" iliyopungukiwa mkwaju mmoja chini, mmoja kila upande. Sijaona tanakali sauti iliyochorwa vizuri zaidi ya hiyo. Na ndiyo iliyobeba siasa: Aprili 1971 timu ya Marekani ilialikwa China, na Februari 1972 Rais Nixon akafuata.

Kwa nini kuna vifaa vya gofu vinavyoitwa PING?

Karsten Solheim, mhandisi mzaliwa wa Norwei aliyekuwa akifanya kazi General Electric, alitengeneza mwaka 1959 fimbo ya kusukumia mpira shimoni. Kila ilipogonga mpira ililia ping. Akaipa jina hilo.

Fundi anasema injini "ina ping". Ni jambo la kupuuza?

Usilipuuze. Mafundi wengi wa Kiswahili husema injini inagonga. Mlio wenyewe ni kama changarawe zinazotikiswa ndani ya kopo, na husikika zaidi unapopanda mlima au unapokanyaga mafuta ghafla.

Kinachotokea ni hiki: mchanganyiko wa hewa na petroli ndani ya silinda unapaswa kuwashwa na plagi na moto utambae kwa mpangilio. Joto na mgandamizo vikizidi, sehemu ya mchanganyiko hulipuka yenyewe kabla moto haujaifikia. Mawimbi hayo yanapiga kuta za silinda. Yakiendelea kwa muda mrefu yanaweza kutoboa pistoni. Sababu za kawaida ni petroli yenye okteni (kipimo cha uwezo wake wa kutolipuka yenyewe) ndogo kuliko inayotakiwa na injini, masizi yaliyojaa ndani, au plagi kuwasha mapema mno. Anza na petroli, ndiyo rahisi kubadilisha. Magari ya kisasa yana kihisi kinachosikia mlio huo na kuchelewesha uwashaji kidogo, kwa hiyo ukiusikia kwa masikio yako, kompyuta ya gari imeshindwa kuudhibiti.

Mlio huu umeigharimu dunia. Mwaka 1921 Thomas Midgley, akiwa General Motors, aligundua kwamba madini ya risasi yakichanganywa kwenye petroli yanaunyamazisha. Madini hayo ni sumu, na ilichukua karne nzima kuyaondoa: nchi ya mwisho kuacha kuuza petroli yenye risasi kwa magari ilikuwa Algeria, mwaka 2021.

Mtangazaji amesema mchezaji "pinged". Alifanya nini?

Angalia mchezo. Kwenye soka, "to ping a pass" ni kupiga pasi ndefu, kali na yenye kutua pale pale. Ni sifa. Kwenye raga, "to be pinged" ni kuadhibiwa na refa. Waaustralia wamelisogeza hadi barabarani, ambako dereva aliyenaswa na kamera ya mwendokasi naye amekuwa "pinged".

Na mikrowevu?

Inalia ping chakula kikiwa tayari. Wales wamekifanyia mzaha: mikrowevu rasmi ni "meicrodon", lakini mitaani wengi wanaipenda "popty ping", yaani oveni ya ping.

## Maswali ya pembeni

"Ping of death" bado ni hatari?

Kwa kompyuta za leo, hapana. Katikati ya miaka ya 1990 iligunduliwa kwamba ukituma ping iliyokatwa vipande, ambayo ikiunganishwa inapita ukomo wa baiti 65,535, mifumo mingi ilikuwa inazima au kuganda. Kosa hilo lilirekebishwa kwenye mifumo mikuu ndani ya muda mfupi.

Apple si walikuwa na Ping pia?

Walikuwa nayo. Ilikuwa huduma ya kijamii ya wapenda muziki ndani ya iTunes, iliyoanza Septemba 2010 na kufungwa Septemba 2012. Haikuwa na uhusiano na mitandao kwa maana ya Muuss.

Jean Ping je, na majina ya Kichina yenye "ping"?

Hayamo katika ukoo wowote kati ya hizi mbili. Jean Ping wa Gabon, aliyeongoza Kamisheni ya Umoja wa Afrika kuanzia 2008 hadi 2012, alirithi jina hilo kwa baba yake Mchina. Deng Xiaoping na Xi Jinping pia wanabeba "ping" iliyo neno la kawaida la Kichina lenye maana ya usawa au amani, si mlio wa kitu chochote.